Kidole cha Felgona

Boke, na ninyi wengine wote wa kikundi cha Alhamisi, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake nilikuwa wapi siku zile zote, na kila mmoja nimemjibu nusu. Sasa nimekaa chini niwajibu mara moja. Ninaandika Kiswahili chetu cha sokoni kwa sababu nusu yetu ni Waluo na nusu ni Wakuria wa Ntimaru. Atakayecheka maandishi yangu akumbuke kwamba niliacha shule darasa la tatu, na bado ni mimi ninayewasomea barua.

Mnamjua dada yangu Felgona. Tulizaliwa wote Sori, mimi nikaolewa huku Uriri, yeye akaolewa kisiwani Mfangano. Mume wake, Mzee Okelo, alinipigia simu asubuhi nikipalilia. Hakunisalimia. Akasema, "Shemeji, kidole cha mguu cha dada yako kimekuwa cheusi. Wa zahanati wamesema kikatwe Homa Bay haraka, kama sivyo utakwenda mguu, na baada ya mguu atakwenda mwenyewe. Amekataa."

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi nimeita kikao."

Nikaacha jembe palepale shambani.

Lakini kwanza niwakumbushe jambo moja. Nilipokuwa msichana, ugonjwa wa sukari ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa karani wa chifu. Sori yote hakukuwa na mwingine. Tulikuwa tukienda kuchota maji tunapita kwake makusudi tumwangalie, kama watu wanavyopita kuangalia nyumba ya ghorofa. Wazee walisema ni ugonjwa wa mshahara, na akina mama wengine walitamani waume zao waupate. Sisi sukari tuliiona Krismasi, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, na ulikuwa ukilamba kidole. Leo hata gazeti limekwisha, lakini sukari tunanunua kwa mfuko. Karani angefufuka angekosa wa kumshangaa.

Uriri mpaka Rongo

Siku hiyo magari yote yalikuwa yamekodiwa kwenda matanga. Nilisimama barabarani mpaka lori moja la miwa likanionea huruma. Kwa hiyo safari ya kumwona mgonjwa wa sukari niliianza nimekaa mbele ya lori la miwa.

Dereva aliitwa Ochieng, mtu wa miaka arobaini hivi, tumbo lake lilikuwa limeegemea usukani kama mteja kwenye kaunta. Miguuni alikuwa na chupa mbili kubwa za soda. Hatujafika mbali akasimamisha lori.

"Mama, dakika moja tu."

Akaingia kwenye miwa, akarudi akifunga mkanda. Akanywa soda. Tukaenda kidogo. Akasimama tena. Akaingia kwenye miwa, akarudi, akanywa. Mara ya nne nilishindwa kunyamaza.

"Wewe, unanyunyizia wilaya nzima?"

"Ni baridi, mama."

"Baridi gani? Mimi nimefungua kitambaa cha kichwa kwa joto."

"Basi ni maji mengi nakunywa."

"Unayanywea nini?"

"Kiu. Jua ni kali."

"Kwa hiyo ukikojoa ni baridi, ukinywa ni jua. Lori moja lina hali mbili za hewa."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza kama amepimwa. Akajipiga tumbo, likalia. "Kupimwa nini, mama? Unaona hii? Hii ni afya. Babangu alikufa mwembamba kama mpini."

"Babako alikufa na miaka mingapi?"

"Tisini na kitu."

Akasikia alivyojibu. Tulipofika mahali alipotakiwa kusimama mara ya tano alikaza uso, akapita, akapita na mti mwingine, halafu akasimama. Rongo niliyotarajia kuingia saa tatu niliingia saa sita.

Rongo mpaka Mbita

Pale stendi ya Rongo yuko mwuza dawa mmoja ninayemjua tangu akiwa na nywele. Zamani alikuwa akiuza dawa ya minyoo, ameshika chupa yenye mnyoo mrefu ndani ili watu waogope. Baadaye akahamia dawa ya nguvu za wanaume, na chupa ya mnyoo akaiweka kando. Safari hii nilimkuta na kitambaa kikubwa kilichoandikwa SUKARI KWISHA.

Huyu hajasoma kitabu chochote cha serikali, lakini nawaambia ndiye anayejua nchi inaumwa nini. Anasikiliza tu watu wanauliza nini.

"Mama, onja," akanipa kifuniko.

Nikaonja. "Mbona tamu?"

"Nimetia asali. Watu hawapendi dawa chungu."

"Unatibu sukari kwa asali?"

"Mama, mimi siwezi kugombana na ulimi wa mteja." Akainama karibu. "Zamani mtu wa sukari alikuja kwangu kwa siri, ameziba uso. Siku hizi wanakuja mume, mke na mkwe, wanauliza kama kuna chupa ya familia."

Nikamwambia Mungu anamwona. Akasema Mungu ndiye amempa wateja.

Kutoka hapo mpaka Homa Bay, na Homa Bay mpaka Mbita, akina mama wawili mbele yangu garini walizungumza namba. Nilidhani ni matokeo ya watoto, kumbe ni vipimo vyao vya sukari. "Mimi nilipata kumi na nne." "Hiyo ni kidogo. Dada ya mume wangu alipata ishirini na tatu na alitembea mwenyewe mpaka nyumbani." Yule wa kumi na nne alionyesha aibu kabisa, kama mtu aliyefeli.

Mbita boti ilikuwa haijatoka, kwa hiyo niliingia hoteli ya mama mmoja anayeitwa Min Akinyi, karibu na gati. Ni mama mnene, mchangamfu, anatembea akiegemea upande mmoja. Nilidhani ni kiatu.

"Nipe chai isiyo na sukari," nikamwambia.

"Haipo. Chai tunapika na sukari ndani ya sufuria."

"Basi nipe maji moto."

"Maji moto ni ya mgonjwa. Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi? Nalima mpaka leo."

"Basi kunywa chai, mama, usinitie aibu mbele ya wateja."

Nikanywa. Ilikuwa tamu kiasi cha kijiko kusimama peke yake. Akaniongezea bila kuulizwa, nikanywa tena, kwa sababu mgeni akiacha kikombe kimejaa watu husema ameona kitu ndani. Na mandazi mawili. Naandika yote kwa sababu baadaye nilikuja kuulizwa.

Kuvuka

Boti ilichelewa kwa saa mbili, ikingoja kreti za soda za matanga ya upande wa Sena. Soda zilipofika zikapewa nafasi nzuri katikati, mahali pakavu, na sisi watu tukapangwa kuzizunguka. Mbele kulikuwa na magunia ya sukari na mikate mieupe ya kufungwa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisema bila kumwambia mtu: "Asubuhi tumetoa samaki, jioni tunarudisha mkate." Kila mtu alikuwa amekumbatia chake.

Nilipotua, pikipiki ilitaka kunibeba mpaka kwa Felgona. Ni mwendo wa nyimbo mbili za kanisa. Nilikataa. Yule wa pikipiki aliniuliza kama nimepoteza mtu, kwa sababu siku hizi anayetembea kwa miguu ni mwenye majonzi.

Mfangano: kikao cha kidole

Nilikuta wanaume tisa uani, kwenye viti vya plastiki, na Mzee Ojwang, kaka mkubwa wa Okelo, kwenye kiti cha mbao. Ndiye alikuwa mwenyekiti. Na nani alikuwa anawapitishia chai? Felgona. Mguu umefungwa kitambaa cha kanga, anakanyaga kisigino, birika mkononi.

Nikamnyang'anya birika, nikamvuta jikoni.

"Fungua nione."

Akafungua. Sitaandika nilichoona, ninyi mnasoma mkila. Nitasema tu kilikuwa kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, na harufu ilinifikia kabla ya kitambaa kuisha.

"Kilianzaje?"

"Mfupa wa mbuta. Niliukanyaga nikiosha samaki."

"Ukahisi?"

"Sikuhisi. Niliuona jioni nikioga, umesimama kwenye kidole kama msumari. Nilitembea nao siku nzima, Dorsila. Nilikwenda nao mpaka kanisani nikasimama nikaimba."

Nikamuuliza kwa nini hataki kwenda. Akaangalia moto. Akasema haogopi kisu. Alisema mama yetu alizikwa mzima, na bibi yetu alizikwa mzima, na yeye hataki kuwa wa kwanza kufika mbele ya mama akiwa na pengo. Halafu akasema lile la pili. Kidole kikikatwa Homa Bay watakichoma kama takataka, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuchomwa. Au watakizika huko, na sehemu yako ikitangulia kuzikwa ugenini, siku moja inakuita uifuate. Yeye ni mke wa mtu. Mahali pake ni hapa, upande wa kushoto wa nyumba yake.

Nikamwambia, "Mama alikula kuon, ugali wa mtama, na kutembea mpaka sokoni na kurudi na mzigo kichwani. Wewe unakwenda kanisani kwa pikipiki. Ukitaka kuzikwa mzima, endelea kukaa hapo jikoni. Hutangoja sana."

Akalia kidogo. Nikamwacha alie, kazi ya kulia ni yake.

Uani kikao kilikuwa kimepamba moto. Swali lilikuwa moja tu, kidole kizikwe wapi, lakini lilikuwa limezaa watoto. Kikizikwa hapa, je, si kufungua kaburi la mtu aliye hai? Kikiwekwa upande wa kushoto wa nyumba, siku yake atalazwa wapi? Je, katekista aombe, na akiomba, ataje jina lipi, la ubatizo? Mmoja alisema wakwe wa Sori lazima wajulishwe rasmi. Nikasema wakwe wa Sori ndio hawa wamesimama na birika.

"Shemeji," Mzee Okelo akasema, "hili si jambo la haraka."

"Kidole kina haraka kuliko ninyi. Mmekaa tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na chai mmekunywa ngapi?"

Mmoja alikuwa anachovya mkate, akausahau ndani, ukavunjika.

Mzee Ojwang akakohoa. Alisema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba yeye binafsi hapingi kisu. Anayo sukari mwenyewe, na kaka yake Okelo ana dalili, na hata wale wawili mwisho wa safu wameanza vidonge. Shida yake ni utaratibu. Wakikosea kwa kidole hiki cha kwanza, watafanyaje kwa vingine vitakavyofuata?

Nilielewa hapo kwamba hawakuwa wanazungumza juu ya Felgona. Kila mmoja alikuwa anajitafutia mahali pa kuweka vidole vyake.

Kwa hiyo nikaweka birika chini. "Nisikilizeni. Kitakatwa Homa Bay na kitazikwa hapa. Hakitachomwa, hakitazikwa ugenini. Nitakirudisha mimi kwa mkono wangu. Nisipokirudisha, mtakata changu mkizike badala yake."

Hata kuku walisimama. Halafu Mzee Ojwang akauliza, kwa uangalifu wa mtu anayeandika kumbukumbu:

"Cha kushoto au cha kulia?"

"Chochote mtakachopenda."

Wakaangaliana, wakakubali. Okelo akasema, "Yuora, wewe ulipaswa kuzaliwa mwanaume," na yuora kwetu ni shemeji wa kutaniana naye, kwa hiyo nikamjibu kwamba nikiwa mwanaume hata mimi ningekuwa nimeketi tangu jana.

Felgona alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akarudi jikoni. Akatoka na kopo lake la bati la sukari, lile lenye kifuniko kinachobana, alilopewa siku ya harusi yake ya kanisani, limeandikwa SUKARI ubavuni kwa rangi nyekundu. Akamimina yote iliyobaki kwenye bakuli la wazee. Akalipangusa ndani kwa pindo la nguo.

"Twende," akaniambia. "Kitakaa humu."

Homa Bay, wadi ya akina mama

Hospitali ile siitaji, hawakunituma kuwatangaza. Nitasema walimpokea siku tuliyofika na kumkata siku iliyofuata.

Wadi ilikuwa imejaa, na kila mama kwenye safu yetu alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya shuka, umefungwa bendeji. Ilionekana kama maonyesho ya soksi. Nilikuwa nimejiandaa kupigana juu ya kidole. Usiku wote nilitunga maneno, hata Biblia nilikuwa nimetafuta mstari. Nikamwendea muuguzi mkuu, mama mrefu aliyekaribia kustaafu, nikaanza, "Sista, kwa mila zetu, kiungo cha mtu…"

"Mmekuja na chombo?" akaniuliza, hajainua macho.

Nikamwonyesha kopo. Akalichukua, akafunga na kufungua kifuniko mara mbili.

"Hiki ni kizuri, kinabana. Wa juzi walileta kibakuli cha siagi, kikamwagika kwenye boti."

"Kumbe mimi si wa kwanza?"

"Mama, nilipoanza kazi hapa, mtu akiomba kidole chake nilikimbia kuwaambia wenzangu, tunacheka wiki nzima. Siku hizi nauliza kifuniko tu."

Alisema hivyo kama mtu anayesema bei ya nyanya imepanda, na mstari wangu wa Biblia ukabaki mdomoni.

Felgona alitoka vizuri. Daktari alisema amekata kidole kimoja, mguu umebaki, na kama tungechelewa wiki moja tungekuwa tunazungumza habari ya goti. Nilifikiria kile kikao, tangu jana, na utaratibu.

Siku ya tatu muuguzi yule alinikuta nimekaa pembeni ya kitanda nikinywa chai ya kantini.

"Na wewe mama, lete kidole."

"Changu kipo mahali pake, asante."

"Cha mkono."

Nikamwambia mimi nalima. Akasema hajaniuliza kazi. Nikamwambia mimi ni mwembamba. Akasema aliyelala kitanda cha tatu pia ni mwembamba. Felgona, yule niliyemkemea mpaka akalia, akajiinua kwenye mto, akasema kwa furaha, "Mchome, sista."

Akanichoma. Mashini ikalia. Akaiangalia, akaniangalia.

"Leo umekunywa chai ngapi?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena, nikatoa moja. Akasema nije asubuhi bila kula. Nikaja bila kula, mate tu, nikiwa na uhakika nitaiaibisha ile mashini. Haikuaibika. Akanipa vidonge na karatasi yenye picha ya sahani.

Namba siiandiki, si mtihani. Lakini Boke, zile mara zote nilizokuambia kwamba naamka usiku kutoka nje kwa sababu ya mbwa, hakukuwa na mbwa.

Mbita tena

Tulirudi siku ya tisa, Felgona na gongo, mimi na kopo ndani ya kikapu. Boti ilikuwa inangoja kreti, nadhani mnajua za nini. Tukaingia kwa Min Akinyi. Nikaweka kopo mezani mbele yangu, kwa sababu nilikuwa nimeapa mbele ya wanaume tisa na sikutaka liwe chini.

Min Akinyi akaja akiegemea upande wake uleule. Akaona kopo, akaona lililoandikwa.

"Yawa! Mama wa maji moto! Siku ile ulikataa sukari yangu, kumbe unatembea na yako?"

"Liache hilo."

"Nione ni ya aina gani inayoshinda yangu." Na mkono tayari uko kwenye kifuniko.

"Min Akinyi, usifungue."

Akafungua.

Nilingoja kelele. Wateja wote walikuwa wanatuangalia. Hakupiga kelele. Aliangalia ndani kwa muda mrefu, akarudisha kifuniko taratibu, akakibana kwa kiganja pande zote. Halafu akavuta kiti akaketi nasi, yeye ambaye sijawahi kumwona ameketi.

"Ni cha nani?"

"Changu," Felgona akasema, akanyoosha mguu wenye bendeji.

"Kiliuma?"

"Hakikuuma. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Min Akinyi akaangalia mlangoni, akaangalia wateja. Akapinda pindo la sketi chini ya meza na kuvua kiatu. Kisigino kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya plastiki ya mkate, na juu yake soksi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya wewe kuja mara ya kwanza. Nilidhani ni kiatu."

Nilitaka kumwambia hata mimi nilidhani ni kiatu. Badala yake nikatoa kipande cha karatasi, nikamwandikia jina la yule muuguzi mrefu kwa herufi kubwa. Nikamwambia gari la Homa Bay linatoka saa nane, na hoteli haitakimbia.

"Na nani atapika chai?" akauliza.

"Leo wakose."

Alikaa. Sufuria ilikuwa inachemka nyuma yake na wateja walianza kugonga vikombe. Boti ilipopiga honi tulimwacha bado ameketi, kiatu mkononi. Sijui kama alipanda lile gari. Nimempigia mara mbili, simu inaita tu. Mkienda Mbita mmoja wenu amwangalie kwa niaba yangu.

Nyumbani kwa Felgona

Nilidhani tutachimba shimo dogo, katekista aombe, basi. Nilisahau watu wetu ni nani.

Tulipofika kulikuwa na hema. Kulikuwa na viti vya kukodi. Kwaya ilikuwa imevaa. Mzee Ojwang alikuwa ametoa ratiba, nayo ilikuwa na hotuba sita. Kidole kilipewa mahali mwishoni mwa uzio, upande wa kushoto lakini mbali na nyumba, ili kisije kikachukua nafasi ya mwenyewe. Huo ndio ulikuwa uamuzi wa kikao cha pili, kilichokaa tulipokuwa hospitalini.

Ojwang aliomba afungue kopo kwanza ahakikishe. Akachungulia. Akaniangalia mikono, akahesabu vidole vyangu kwa macho, vyote kumi. Akaangalia miguu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama ametimiza."

Katekista aliomba kifupi, alionekana hajui atazame wapi. Wakazungumza. Mmoja alisema marehemu alikuwa kidole mchapakazi. Wengine walikasirika, wengine walicheka, Felgona alicheka mpaka akashika gongo kwa mikono miwili. Kopo likashushwa, udongo ukarudishwa. Nilikuwa nimekwisha kulipa deni la maneno yangu, na nilihisi mabega yameshuka.

Halafu ikaja chai.

Zilikuja sufuria tatu zikibebwa na wanaume wawili wawili, chai imepikwa na sukari ndani, kama inavyopikwa matangani. Nyuma yake mikate mieupe, imepangwa kwenye masinia. Nyuma ya mikate, kreti za soda, na nilizitambua kreti zile, nilikuwa nimekaa nazo kwenye boti. Mzee Ojwang alijaza kikombe cha kwanza mwenyewe, akamletea mfiwa, kama inavyotakiwa. Mfiwa ni Felgona. Cha pili akanipa mimi, mgeni wa heshima.

Watu wote wakatuangalia. Mgeni akiacha kikombe, mnajua watu husema nini.

Felgona alikishika kile kikombe. Moshi ulikuwa unapanda na mimi nilikuwa nasikia utamu wake nikiwa nimesimama. Anapenda chai, dada yangu. Tangu ile Krismasi ya gazeti. Akanyanyuka kwa gongo lake, akaenda taratibu mpaka kwenye udongo mbichi, akamimina chai yote pale, mpaka tone la mwisho.

"Kunywa wewe," akakiambia. "Ulikuwa unaipenda."

Mmoja wa wale wazee wawili wa mwisho wa safu, wale wa vidonge, akaweka kikombe chake chini ya kiti, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Nikaenda nikasimama karibu na dada yangu, na mimi nikamimina changu.

Mzee Okelo akasogea. Alitaka kutaniana, lakini sauti ilitoka ndogo. "Yuora, mke wangu namwelewa. Wewe unamwaga ya nini? Huna kitu umezika hapa."

"Bado," nikamwambia.